Kufufua Honda CG125 ya zamani: mwongozo kamili, kutoka banda la kuku hadi barabarani

Kila Jumamosi nikishakunywa chai, natandika turubai uani, natoa kreti la soda la kukalia, na kuanza kazi kwenye pikipiki iliyotengenezwa kabla sijaanza darasa la kwanza. Jirani hunisalimu na kuuliza nitaiuza bei gani. Namwambia siiuzi. Anaondoka akitikisa kichwa, nami narudi kwenye kabureta yangu. Hayo masaa matatu ndiyo ninayoyangoja wiki nzima.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu ambaye amekuwa akitazama pikipiki kuukuu kwenye kibaraza cha mjomba au nyuma ya gereji, akaitamani, akaogopa. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji subira, daftari, vifaa vichache vizuri, na kuchagua pikipiki ambayo spea zake zinapatikana. Hili la mwisho ndilo lililonifanya niipende CG125 kuliko nyingine zote.

Bibi wa bodaboda

Honda walianza kuuza CG125 mwaka 1976. Kabla yake pikipiki zao za 125 zilikuwa na kamu (mhimili wenye vinundu unaofungua valvu) juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, inayozungushwa na cheni ndogo ndani ya injini. Zilikuwa mashine nzuri, ila zilitaka oili ibadilishwe kwa wakati na cheni hiyo irekebishwe. Katika nchi nyingi wateja walizipakia mizigo mizito, wakazipitisha kwenye vumbi, wakasahau oili, na injini zikafa mapema. Wahandisi wakatengeneza injini mpya ya kuvumilia maisha hayo. Kamu ikashushwa chini karibu na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ikazungushwa kwa gia moja kwa moja, na fimbo mbili nyembamba zikapanda juu kusukuma valvu. Cheni ya gurudumu la nyuma nayo ikafunikwa yote kwa bati ili isile mchanga. Huko Brazil ndiyo pikipiki ya kwanza Honda kuiunda katika kiwanda chao cha Manaus, na tangazo lake lilibeba sura ya Pelé. Pakistani wanaiunda mpaka leo, kwa umbo ambalo mtu wa mwaka 1980 angelitambua mara moja.

Wachina waliichukua injini hii wakaitengeneza kwa wingi. Ukikuta kwenye injini ya bodaboda ya Kichina namba inayoanza na 156FMI, mara nyingi umemkuta mjukuu wa CG: silinda moja, kipenyo cha milimita 56.5, inayopozwa kwa upepo, ya 125. Boxer na TVS ni ukoo mwingine, usizichanganye. Lakini maana yake kwetu ni kubwa: gasketi, ringi, pistoni, valvu, sahani za klachi na oili sili zinazokaribiana sana na za bibi yao zimetundikwa kwenye duka la spea lililo jirani na wewe. Mwenye Triumph au BSA ya zamani huagiza Uingereza na kusubiri. Sisi tunatembea hadi stendi.

Kabla hujatoa hela

Yangu niliipata kijijini karibu na Korogwe, ndani ya banda la kuku. Ilikuwa ya marehemu, bwana shamba aliyeipanda miaka mingi kutembelea wakulima wa milimani. Mjane wake aliniambia, "Mwanangu, sauti yake nilikuwa naijua. Akifika kona ya ule mwembe, mimi nabandika maji ya chai." Nilikuwa nimekwenda kutazama tu. Sikuondoka bila kukubaliana bei.

Hata moyo ukishapenda, fanya haya kwanza. Omba kadi ya pikipiki, kisha tafuta namba ya chesesi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na namba ya injini iliyogongwa kwenye ubavu wake. Safisha uchafu kwa brashi mpaka tarakimu zote zisomeke na uzilinganishe na kadi. Kama namba zimekwanguliwa au zimegongwa upya, ondoka, hata kama inauzwa bei ya bure. Kama mwenye kadi amefariki, muulize muuzaji kuhusu mirathi na nani ana haki ya kusaini. Mimi nilisubiri karibu miezi miwili familia ikamilishe karatasi, na sijutii hata siku moja. Pikipiki uliyoihangaikia mwaka mzima halafu ikakosa kusajiliwa kwa jina lako ni huzuni ambayo hakuna msasa wa kuifuta.

Baada ya karatasi, kagua vitu vitatu ambavyo ni ghali au vigumu. Fremu: tazama kwa nyuma ukiwa umechuchumaa, magurudumu yawe kwenye mstari mmoja, na tafuta nyufa au alama za kuchomelea karibu na shingo. Injini: piga kiki taratibu kwa mkono, siyo kwa mguu, uone kama inazunguka. Ikigoma, siyo mwisho wa dunia, ila punguza bei. Kisha vitu vya sura: tangi, makava ya pembeni, taa ya mbele, saa ya spidi, bati la kufunika cheni. Spea za ndani utazipata stendi, lakini tangi la CG ya miaka ya themanini huwezi kulikuta dukani. Bora pikipiki yenye injini mbovu na sura kamili kuliko kinyume chake.

Wiki ya kwanza usifungue chochote

Hili ni gumu kuliko kazi yote. Umeifikisha nyumbani, spana ziko mkononi, na vidole vinawasha. Iache. Ioshe kwa maji ya sabuni na brashi laini, halafu piga picha. Piga nyingi kuliko unavyodhani unahitaji: jinsi waya wa breki unavyopita mbele ya shingo, waya za umeme zinavyoungana chini ya tangi kwa rangi zake, upande ambao boliti imeingilia. Baada ya miezi minne hutakumbuka, na picha hizo zitakuwa mwalimu wako.

Andaa pia makopo ya plastiki yenye vifuniko, mifuko midogo, kalamu ya wino usiofutika na daftari. Kila unachofungua kiingie kwenye mfuko wenye maandishi: "boliti 4, kava la kushoto, ndefu iko chini nyuma". Boliti za makava ya injini hazilingani urefu. Ndefu ikiingia pa fupi, unaweza kupasua bodi ya aluminiamu, na ufa huo hauna dawa ya bei rahisi.

Vifaa: spana za 8 hadi 19, soketi na rachi yake, plaizi, nyundo ya mpira, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), brashi ya waya, na kama unaweza, spana ya kupima nguvu ya kukaza. Kisha kuna kifaa kimoja ambacho wengi hukidharau, bisibisi ya kugonga, ile ya chuma ambayo ukiipiga nyundo kichwani inajizungusha. Skrubu za Honda ya zamani zina kichwa cha msalaba cha Kijapani, ambacho mfereji wake ni tofauti kidogo na msalaba wa kawaida. Bisibisi ya kawaida hupanda juu na kula kichwa. Ndiyo sababu CG nyingi unazoziona zina skrubu zilizoliwa kama mahindi. Pulizia mafuta ya kulegezea kutu jioni, acha usiku kucha, asubuhi bonyeza kwa nguvu, gonga mara mbili tatu, nayo itaachia.

Kufungua

Anza juu kwenda chini: siti, tangi, makava ya pembeni, betri, kisha kabureta, ekzosi, na mwisho injini. Boliti za injini zitoe ikiwa pikipiki imesimama imara kwenye stendi ya kati, na uwe na mtu wa kukusaidia kuishusha. Siyo nzito kama ya gari, ila inatosha kukuponda mguu.

Nati za ekzosi kwenye hedi zishughulikie kwa adabu. Stadi zake zimekaa kwenye joto kwa miaka na hukatika kwa urahisi. Zipashe moto kidogo, tia mafuta ya kulegezea, zungusha robo mbele na robo nyuma. Ukishaondoa tangi na kabureta mbali kabisa ndipo uwashe moto wowote, siyo kabla.

Injini iliyoganda

Kama kiki haisogei, pistoni imeshikana na silinda kwa kutu. Fanya haya kabla hujaishusha injini kwenye fremu. Toa plagi, mimina ndani kikombe kidogo cha mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia otomatiki, rudisha plagi kwa mkono, na uondoke. Kesho ongeza kidogo. Baada ya siku nne au tano, weka gia ya juu kabisa na sukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma taratibu. Usipande juu ya kiki kwa uzito wako wote, utavunja meno yake. Yangu ilikaa siku tisa. Siku ya tisa, alasiri, gurudumu lilisogea upana wa kidole, likarudi, likasogea tena. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Tangi

Tangi lililokaa na petroli ya miaka hutoa harufu ya vanishi iliyooza, na ukitikisa utasikia magamba ya kutu. Mwaga kilichomo nje, mbali na jiko na sigara, na toa koki ya mafuta na kichujio chake. Osha kwa maji moto na sabuni ya unga mara kadhaa hadi harufu ipungue.

Kisha tia ndani kokoto ndogo safi au minyororo mifupi ya chuma, pamoja na maji kidogo ya sabuni, na ulitikise. Ni kazi ya kuchosha, alika watoto. Ondoa kokoto zote, zihesabu kama unaweza. Ziba tundu la koki, jaza siki nyeupe mpaka juu kabisa na uache siku moja hadi mbili. Siki hula kutu na kuacha chuma cha kijivu. Ukiimwaga, suuza haraka kwa maji yenye magadi ili kuua tindikali iliyobaki, suuza tena kwa maji safi, na ulikaushe papo hapo kwa kikaushia nywele au kwa jua kali la mchana. Ukilichelewesha lenye unyevu, kutu ya rangi ya chungwa inarudi ndani ya saa moja mbele ya macho yako. Likishakauka, tia oili kidogo na ulizungushe ndani mpaka siku ya kutia petroli.

Kama lina tundu, usikubali mtu alichomelee hivi hivi. Mvuke wa petroli hubaki kwenye mikunjo ya bati hata baada ya kuoshwa, na tangi hulipuka. Mpelekee fundi anayejua kazi ya matangi, anayelijaza maji au gesi isiyowaka kabla ya kuchomelea. Kama mtaani kwako hayupo, gundi maalumu ya matangi inafaa kwa tundu dogo.

Kabureta

Hapa ndipo napapenda kuliko mahali pote. Kabureta ya CG inakaa kwenye kiganja cha mkono, na kila tundu ndani yake lina kazi. Ifungulie juu ya sinia lenye kitambaa cheupe, kwa sababu sindano ya floti (kielea kinachofunga petroli bakuli likijaa) ikianguka kwenye mchanga hutaiona tena.

Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu hadi iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, na uandike idadi kwenye daftari. Usiibane, ncha yake ni nyembamba. Kisha toa bakuli la chini, floti, sindano yake, jeti kubwa na jeti ndogo. Loweka sehemu za chuma kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ila mipira na plastiki visiingie humo.

Jeti ndogo ina tundu jembamba kama unywele. Ndiyo huziba, na ikiziba pikipiki hukataa kutulia kwenye mzunguko wa chini. Usiichokoe kwa waya wa chuma wala pini. Shaba ni laini, na ukipanua tundu hilo umeharibu kipimo. Tumia uzi mmoja wa nailoni wa brashi na hewa ya pampu. Inua jeti uitazame dhidi ya jua: lazima uone duara kamili la mwanga. Ukiona nusu duara, rudi kuloweka.

Badilisha gasketi ya bakuli na sindano ya floti kama ncha yake ina mstari uliochimbika. Rudisha skrubu ya hewa kwa mizunguko ile ile uliyoandika.

Hedi, bloku na pistoni

Fungua kava la juu la hedi, ondoa roka (mikono midogo inayobonyeza valvu), na utaziona fimbo mbili za kusukuma valvu. Chukua kipande cha boksi, kitoboe matundu mawili, andika "ingizo" na "moshi", na uzichomeke humo. Kila kilichozoeana kwa miaka kirudi kwa mwenzake. Legeza nati za hedi kwa kupishana kona kwa kona, kidogo kidogo. Ukitoa bloku (yenye silinda), jaza kitambaa safi kwenye mdomo wa krenki kabla hujagusa pini ya pistoni. Kile kipete kidogo kinachoishikilia hurukia ndani, na kikirukia ndani umefungua injini nzima.

Sasa pima. Toa ringi ya juu, iingize ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, na upime nafasi kati ya ncha zake kwa fila geji. Milimita 0.15 hadi 0.35 ni afya. Ikizidi 0.5, ringi zimechoka, au silinda imechoka. Pitisha ukucha ndani ya silinda: ukihisi mkwaruzo unaonasa ukucha, ringi mpya hazitasaidia. Mpelekee mchonga vyuma silinda pamoja na pistoni mpya mkononi, siyo silinda peke yake, ili achonge kwa kipimo cha pistoni hiyo. Pistoni za kuzidi huuzwa kwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na wauzaji huziita tu ishirini na tano, hamsini na kadhalika. Anza na ndogo inayofuta mikwaruzo. Nyama ya silinda ukishaikata hairudi.

Valvu zisage kwenye makao yake kwa dawa ya kusagia na kijiti chenye mpira, ukizungusha huku na huku kama mtu anayepekecha moto, mpaka mzingo wa kijivu uonekane pande zote bila kukatika. Safisha dawa yote, kwa maana ikibaki itasaga injini yako. Kupima, geuza hedi, mimina petroli kidogo kwenye vyumba vya kuingizia na kutolea moshi. Isivuje ndani ya dakika kadhaa.

Katika kurudisha, alama ya IN juu ya pistoni itazame upande wa kabureta, herufi kwenye ringi zitazame juu, na ncha za ringi zitawanywe zisipangane. Vipete vya pini viwe vipya. Paka oili kila kinachosugua. Nati za hedi zikaze kwa hatua, kona kwa kona. Boliti ndogo za kava zenye unene wa milimita 6 zinahitaji takriban nyutoni mita 10 tu, nguvu ya kifundo cha mkono. Mafundi wengi hukaza kwa bega, ndiyo maana aluminiamu nyingi zina nyuzi zilizotoka.

Mwisho rekebisha tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, injini ikiwa baridi kabisa. Zungusha sumaku (gurudumu la chuma kwenye ncha ya krenki) hadi alama ya T ilingane na alama ya bodi, na roka zote mbili ziwe na mchezo mdogo. Zikiwa zimekaza, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Fila geji ipite ikisuguliwa kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu.

Usipite kava la klachi

Injini hii haina kichujio cha karatasi. Ina wavu mdogo chini, na kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki upande wa klachi, ambacho hurusha uchafu wa oili ukutani mwake na kuubana humo. Wafufuaji wengi husafisha nje ikang'aa wakakisahau kikombe hiki. Changu kilikuwa kimejaa tope gumu jeusi kama lami, la miaka yote ya milima. Ondoa kifuniko chake, kwangua kwa kijiti cha mbao, osha kwa dizeli. Nati ya ndani ina mifereji minne na ina kifaa chake. Ukilazimika kuitoa, azima au chongesha kifaa hicho, usipige kwa patasi.

Wakati uko hapo, tazama sahani za klachi, na badilisha oili sili zote. Ni za bei ndogo, na hakuna kinachoudhi kama kufungua tena kwa sababu ya tone la oili.

Umeme

CG za mwanzo zina volti 6 na pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche), za baadaye volti 12 na CDI (kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi hiyo bila pointi). Jua yako ni ipi kabla hujanunua betri wala balbu. Kuweka betri ya 12 kwenye mfumo wa 6 ni kuunguza taa zote kwa jioni moja.

Kwenye pointi, safisha nyuso zake kwa msasa laini sana, futa kwa karatasi safi, na weka nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4. Kondensa badilisha tu. Plagi ni D8EA ya NGK au inayolingana nayo, nafasi 0.6 hadi 0.7. Taabu nyingi za umeme huwa ni kutu kwenye maungio na hasa waya wa bodi: kwangua rangi pale unapofungwa kwenye fremu mpaka chuma king'ae. Usikate waya za kiwandani kuweka za mtaani zenye rangi moja. Wapo wanaohamishia sumaku na koili za CDI za Kichina ili kupata volti 12, na inafanya kazi. Mimi nimebaki na 6. Taa yake ni ya manjano hafifu, naipanda mchana.

Magurudumu, breki, rangi

Tairi zisome ubavuni: tarakimu nne ndani ya kiduara cha yai ni wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa bandani tangu enzi zile ina nyufa hata kama kashata zake ni nzima. Tupa. Badilisha beringi, gonga spoku moja moja kwa bisibisi usikilize: inayolia "tik" kavu imelegea. Kunyoosha rimu mwachie fundi baiskeli mzee, wanajua kazi hiyo kuliko wengi. Ukifungua ngoma ya breki usipulize vumbi lake kwa mdomo wala pampu, kwa sababu brekishuu za zamani huweza kuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Kuhusu rangi, nina maoni makali. Usiifanye mpya kupita kiasi. Fremu na madigadi nilipiga msasa wa 240, kisha 400, praima, rangi nyeusi, basi. Rangi ngumu ya mchanganyiko wa dawa mbili ina mvuke hatari, mpe fundi wa kupaka rangi magari mwenye barakoa sahihi. Tangi langu lina mkwaruzo mrefu upande wa kushoto ambapo bwana shamba aliegemeza debe la mbegu kila siku. Nilisafisha, nikapaka nta, nikaliacha. Ukifuta kila alama, unabaki na pikipiki ya kila mtu.

Siku ya kuwasha

Tia oili mpya, takriban lita moja, yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea humo humo na oili nyingi za magari huweza kuifanya iteleze. Piga kiki mara kumi bila plagi ili oili ipande. Petroli safi kidogo, choki juu, nyutro, na kopo la mchanga karibu kwa ajili ya moto.

Ya kwangu iliwaka kiki ya saba. Ikatoa moshi wa oili niliyopaka ndani, ikakohoa, kisha ikashika ule mdundo wake wa fimbo na roka. Usiiache ikiunguruma ikiwa imesimama kwa muda mrefu, wala usivute mafuta hadi mwisho. Dakika mbili tatu, zima, tazama uvujaji, acha ipoe, rudia.

Kilomita 500 za mwanzo panda kwa mkono mwepesi, ukibadilisha mwendo mara kwa mara, bila abiria wala mlima mrefu. Mwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 100 hivi, utaona unga wa chuma unaong'aa, ni ringi zinazozoeana na silinda. Kagua tapeti tena na ukaze nati zote za fremu.

Nilipofika kilomita 620 nilibadilisha oili mara ya pili, nikafunga chupa ya maji kwenye keria, nikaenda Korogwe bila kupiga simu. Kwenye kona ya mwembe nilishusha gia. Nilipozima injini uani, yule mama mjane alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake jikoni, sufuria ya chai ilikuwa tayari mekoni.